Barua ya wazi kwa wakubwa wa Dar: jasho tunalo, uwanja ndo hatuna

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa wakuu wa wilaya zote tano, Mstahiki Meya wa Jiji na mameya wenzake wa Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, wakurugenzi, madiwani, na nyie wa mipango miji ambao hamtajwi sana lakini ramani zote mnazo nyie.

YAH: MAZOEZI

Shikamooni wakubwa.

Mimi ni mkazi wa Tandika, nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo, na nje ya hapo ni katibu wa klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, zile klabu mnazoziona Jumapili alfajiri zinapita na jezi za rangi moja, filimbi na nyimbo, zinamwamsha kila aliyelala na kumkera aliyerudi saa tisa usiku. Hao wa saa tisa watusamehe. Naandika hadharani kwa sababu barua za kupitia ofisini tumeshaandika, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na mhuri ndo ukawa jibu lenyewe.

Kila mkishika maiki kwenye shughuli ya afya mnatuambia wananchi fanyeni mazoezi, presha na sukari zinatumaliza, acheni uvivu. Kwenye presha na sukari hatubishani, utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama robo ya watu wazima wana presha ya kupanda, na foleni za kliniki za sukari kwenye hospitali zetu za rufaa mnaziona wenyewe. Na ile Desemba 2016 mama Samia akiwa Makamu wa Rais alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, ikawekwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi, sisi watu wa jogingi tulifurahi kuliko mtu yeyote maana kwa mara ya kwanza tulionekana watu wenye akili timamu, kabla ya hapo mama zetu walikuwa wanatuuliza mnakimbia mnamkimbia nani. Kwa hiyo barua hii haipingi mazoezi hata kidogo. Ninachokataa ni pale mnapotuita wavivu.

Hivi mvivu Dar ni nani hasa? Simameni Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri muwahesabu hao wavivu wanavyogombania mlango wa daladala. Kuna mama ntilie anawasha moto saa tisa usiku ili saa kumi na mbili chapati ziwe mezani. Kuna kijana wa guta anasukuma mzigo kutoka Kariakoo mpaka Buguruni na jua lote la saa saba, kuna makuli wanashusha mabelo ya mitumba, kuna vijana wa kubeba zege wanapandisha ghorofani ndoo kwa ndoo mpaka jioni, kuna dada wa kazi anafua, anadeki na kubeba mtoto mgongoni humo humo, kuna yule anayetembea kwa miguu kutoka Vingunguti mpaka mjini si kwa sababu anapenda afya ila nauli ameamua iwe ya kurudi tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kati, au 75 mpaka 150 kama ni za nguvu. Kijana wa guta hizo anazimaliza Jumatatu kabla ya saa sita mchana, zinazobaki sijui ampe nani.

Na dunia yenyewe inakubali. Hesabu zilizotolewa 2024 zinasema mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8, hawakufikisha hicho kiwango, na walioshika mkia ni nchi tajiri za Asia Pasifiki na Asia ya kusini, Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara ina nafuu kubwa. Sasa kama tunatumia mwili kiasi hicho mbona mtaani kila mtu mgongo, kila mtu magoti, presha watu wa miaka 40 wanazo, na ukimuuliza mtu hali anakujibu tunasukuma siku? Hapo ndo nataka mnisikilize vizuri.

Kulikuwa na daktari Uingereza anaitwa Jerry Morris, yeye na wenzake mwaka 1953 walichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Waliwalinganisha madereva na makonda. Dereva anakaa kwenye kiti karibu zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, kwa siku anafikisha ngazi kama 500 mpaka 750. Wakakuta makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na wakiugua hawafi haraka vile. Watu wengi wa mambo ya afya wanasema sayansi ya mazoezi ilianzia hapo. Jamaa mwenyewe akaanza kukimbia hadharani enzi ambazo London mtu mzima akikimbia barabarani watu wanashangaa, akafariki 2009 na miaka 99, kwa hiyo dawa yake alikuwa anaimeza.

Mkiishia hapo mtasema basi konda wa Gongo la Mboto ataishi milele. Lakini konda wa London alikuwa na zamu inayoisha, mshahara wa wiki, siku ya mapumziko na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Wa kwetu anaanza saa kumi alfajiri, ananing'inia mlangoni, anakula chakula cha mchana saa kumi jioni akiwa amesimama, na tajiri anasubiri hesabu yake ya siku iwe imekamilika hata kama barabara ya Mandela ilikuwa haitembei. Miguu inafanya kazi kama ya yule wa London, ila kichwa na moyo viko kwenye maisha mengine kabisa. Na Morris mwenyewe hakuwa mjinga, mwaka 1956 wakachungulia saizi za suruali za sare wakakuta madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu wanaajiriwa, yaani sio ngazi peke yake, mtu anaingia kazini na mwili na maisha yake ya nyuma.

Miaka ya karibuni kuna watafiti wa Denmark na Uholanzi wamelichimba hilo. Walichokuta ni kwamba kuutumia mwili muda wa mapumziko kunaenda na afya nzuri, lakini kuutumia sana kazini, hasa kwa wanaume wenye kazi nzito, hakuendi hivyo, wengine hata wanakufa mapema zaidi. Sababu wanazotoa ukizisikia unaweza kudhani walikaa Kariakoo wiki moja. Ukikimbia nusu saa moyo unapanda juu, halafu unapumzika, unakuwa imara. Ukibeba mizigo saa kumi mfululizo moyo unaenda haraka kutwa nzima bila kufika pale juu panapoujenga, presha inakaa imepanda mpaka usiku, mwili haupati muda wa kujikarabati, na kesho alfajiri unaanza tena. Halafu huamui wewe. Huwezi kusema leo goti linauma napunguza kasi.

Upande wa akili ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi wakazichambua kwa pamoja, mazoezi ya muda wa mapumziko yakaonekana yanaenda na afya nzuri ya akili, hata kutembea kwenda kwenye shughuli zako, lakini kazi za kutumia mwili zikaonekana zinaenda na hali mbaya ya akili. Na mimi sisemi kazi ndo inaleta msongo moja kwa moja, inawezekana ni umaskini unaokuja na hiyo kazi, au vyote. Ila hitimisho kwangu liko wazi: wakubwa, mkituambia tutoe jasho mnatuambia kitu tunacho mpaka kinafurika. Tunachokosa ni lile jasho mtu analolitaka mwenyewe, kwa saa aliyochagua, na watu anaowapenda, mahali ambapo hakuna anayemfukuza. Hilo jasho Dar limegawanywa vibaya kuliko hata maji.

Kuna swali huwa wanauliza dunia nzima kwa ajili ya ile ripoti ya furaha ya kila mwaka. Wanakwambia fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 mpaka 10, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyawaza, chini kabisa ndo mabaya, leo umesimama wapi? Finland inaongoza tangu 2018. Sisi huwa tuko upande wa mkia na kila ripoti ikitoka watu wanacheka mitandaoni, wanasema hao hawajafika kwenye kigodoro cha Temeke. Na mimi nilikuwa nacheka mpaka nilipoona wanachokitumia kueleza zile tofauti, maana ukiacha kipato na miaka ya kuishi na afya kuna pia kama una mtu wa kumtegemea ukipata shida, kama una uhuru wa kuamua maisha yako, ukarimu, na rushwa kwenye nchi. Kipato siwezi kuwaomba kwenye barua hii. Lakini hayo mawili, mtu wa kumtegemea na uhuru wa kuamua, ndo vitu vinavyopatikana kwenye klabu ya jogingi kwa bei ya jezi.

Ngoja niwaambie inavyokuwa maana najua wengi wenu mnatuona tu siku ya bonanza mkija kukata utepe. Jumapili saa kumi na moja na nusu tunakutana, kuna fundi ujenzi, kuna dereva bodaboda watatu wanne, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna mzee mstaafu wa bandari, kuna wadada wa saluni, kuna mama anauza mihogo, kuna kijana ametoka jela mwaka juzi na hakuna aliyemuuliza ya nini. Anayeongoza nyimbo ni yule mama wa mihogo, na mwalimu anaitikia. Kwenye mbio hakuna bosi. Wiki nzima mtu anaambiwa wewe njoo, wewe leta, wewe ondoka hapo, ile saa moja na nusu ndo peke yake mwili wake ni wa kwake. Akiona leo hawezi anatembea na kundi la nyuma na kundi linamsubiri mbele kwenye kona. Mtu asipoonekana Jumapili mbili tunaenda kwake kugonga, na ndo tulivyojua mmoja amelazwa, mwingine amefukuzwa kwenye chumba, mwingine mume anampiga. Ukifiwa jezi zinakuja msibani zimejaa mkeka mzima na daftari la mchango linatembea. Sasa hapo ukiniuliza mazoezi yanasaidia nini presha nitakujibu yanasaidia, lakini mimi nimeona yanachosaidia zaidi, na hakipimwi kwenye mashine ya mkononi.

Ila nani anapata hiyo saa moja na nusu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku zisizidi sita. Nikisoma hiyo sheria kwa sauti dukani wenzangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Tunafungua saa moja asubuhi, tunafunga tajiri akisema tufunge, na Jumapili ni nusu siku yaani mpaka saa kumi. Sitamtaja mtu maana nahitaji kazi, na wala sio duka moja, ni mtaa mzima. Wakaguzi wa kazi wakipita Kariakoo mara kwa mara watakuwa wamefanya kwa ajili ya moyo wa mtu kuliko mabango yote ya fanya mazoezi, na kama hilo sio la mkoa basi peleka ujumbe kwa anayehusika, nyie mna namba zao.

Halafu mahali. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 mkoa huu. Kwa watu wote hao, mtu anayetaka kukimbia na kuvuta hewa safi bila kugongwa anakwenda wapi? Anakwenda Oysterbay, Masaki, Coco Beach, Barack Obama Drive. Tangu daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 na lile nalo watu wanaenda, na ni pazuri jamani sikatai, kilomita moja na upepo wa bahari. Ila mwangalie hapo kwenye ramani ni wapi. Ni kule kule ambako tayari kuna miti, kuna njia pana za miguu, kuna taa, na watu wake wana jimu zenye kiyoyozi na ada ya mwezi inayozidi kodi ya chumba huku. Mtu wa Chamazi akitaka kuja Coco kukimbia anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, akifika nguvu ameshaiacha kwenye foleni. Na hizi mbio za hisani zinazofanyika kila mwezi siku hizi, namba ya kifuani unaipata kwa elfu thelathini na zaidi, hiyo huku ni chakula cha nyumba siku kadhaa. Tunaishia kuwapigia makofi.

Mgawanyo huu hamkuuanzisha nyie, hilo tunalijua. Tangu Mjerumani na baadaye Mwingereza mji huu ulipangwa kwa rangi, Uzunguni peke yake, Uhindini peke yake, Uswahilini peke yake, na Mnazi Mmoja ule uwazi tunaoupenda leo uliachwa uwe kizuizi kati ya Wahindi na Waswahili wa Kariakoo, wala haukuachwa ili tucheze. Nafasi kwa nafasi, upepo kwa upepo, mji ulishaamua nani apumue. Lakini uhuru ni tangu 1961, sasa hivi ramani mnachora wenyewe, na kila ukifika mtaa mpya uliopimwa unakuta viwanja vya makazi, viwanja vya biashara, na kile cha wazi kimeandikwa kwenye karatasi tu.

Kwetu kulikuwa na uwanja. Sitaji jina wala mtaa kwa sababu nia yangu sio kumfukuzisha mtu kazi. Ulikuwa wa vumbi, golini kuna dimbwi masika yote, lakini jioni ulikuwa na ndondo upande mmoja, netiboli upande mwingine, na wazee wa bao pembeni wanatoa maamuzi ya ofsaidi bila kuulizwa. Kwanza zikaja fremu mbili za upande wa barabara, tukaambiwa ni za muda. Halafu fremu zikawa safu. Halafu malori yakaanza kulala pale usiku na kuna mtu anakusanya pesa ya maegesho. Halafu ukuta. Siku hizi nusu iliyobaki inakodishwa kwa sherehe na vigodoro, ukitaka kufanya mazoezi mlinzi anakuuliza kibali. Ukienda ofisi moja wanasema uwanja ni wa ofisi ya pili, ukienda ya pili wanasema faili liko kwa ya kwanza. Na huu mtaani kwetu sio wa ajabu, nendeni na ramani zenu za zamani mtaa kwa mtaa mhesabu. Mwembe Yanga, Zakhem, Biafra, Tanganyika Packers, Jangwani, hayo majina kila mtu anayajua kwa mikutano ya siasa, na hayo yanalindwa kwa sababu wanasiasa wanayahitaji, vile vidogo vya mtaani havina wa kuvisemea.

Kwa wanawake ni kazi mara mbili, na hapa nasema kwa mdomo wangu. Mwanaume akikosa uwanja anakimbia barabarani. Mimi nikikimbia barabarani alfajiri peke yangu kwanza ni giza, pili bodaboda anapunguza mwendo anatembea na mimi sambamba ananiuliza sista unaenda wapi nikupeleke, tatu kijiweni lazima nihakikiwe mwili mzima kwa sauti. Wengi wanavaa dera juu ya traksuti mpaka wafike kwenye kundi. Wapo walioolewa wanaoambiwa mbio gani hizo za usiku. Na tukirudi wenzetu wanaume wanakaa kunywa supu, sisi tunaenda kuosha vyombo vya jana. Ndo maana kwenye klabu nyingi wanawake huwa wengi mwanzoni mwa mwaka halafu wanapungua, na wala hawajachoka kukimbia. Taa za barabarani kwa mwanamke wa Tandika ni kifaa cha mazoezi kuliko mashine yoyote. Hapo niseme ukweli, zile barabara za mitaani zilizojengwa huku Temeke na DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji, zimetusaidia mno, zina taa na zina njia ya miguu, klabu zote zimehamia huko, mpaka Jumapili tunapishana kama magari. Tatizo zile njia mchana zinageuka kijiwe cha bodaboda na meza za biashara, na mimi siombi mje na mgambo mbebe meza za watu, mimi mwenyewe ni mtu wa biashara. Naomba barabara zinazofuata zichorwe na nafasi ya muuzaji na nafasi ya mtembeaji kila mmoja ya kwake, kwa sababu wote mnajua watakuwepo.

Watoto nitawasema kwa haraka. Wao wanatakiwa dakika 60 kila siku. Wa shule za kulipia wanachukuliwa na basi saa kumi na moja wanarudi jioni wamekaa kutwa, wa kayumba wanatembea ndio, lakini uwanja wa shule umejengwa madarasa, na madarasa yanahitajika, sasa wanacheza barabarani. Mchakamchaka umebaki kwa baadhi ya walimu wenye moyo. Halafu tunasubiri vipaji vya AFCON.

Na hiyo AFCON ya 2027 tunayoandaa na Kenya na Uganda tunaifurahia kweli kweli, Mkapa ukijaa watu 60,000 mimi mwenyewe nitakuwepo Mungu akipenda. Ila mpira kwa watu wengi wa huku unachezwa kibanda umiza, umekaa kwenye benchi, joto kama tanuri, unaangalia watu 22 wakifanya mazoezi kwa niaba yako. Mnapopiga hesabu ya nyasi za kimataifa, kata vipande vidogo muweke mitaani. Pale Kidongo Chekundu kile kituo cha michezo cha vijana kilichofunguliwa 2015 kinaonyesha inawezekana katikati kabisa ya mji, watoto wamejaa, foleni ya timu zinazotaka muda. Temeke, Mbagala na Gongo la Mboto tunastahili hata chenye robo ya kile.

Tunachoomba ni hiki. Chukueni ramani za mipango miji mbandike kwenye ubao wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, tuone kiwanja cha wazi kinaanzia wapi na kinaishia wapi, tukijua mipaka kulinda tutawasaidia bila kulipwa. Viwanja vya shule za serikali vifunguliwe Jumamosi na Jumapili kwa makubaliano na klabu za mtaa, sisi tutafagia na kulipa mlinzi, mwalimu mkuu asibaki na hofu kwamba dirisha likivunjika atakatwa yeye.

Na Jumapili asubuhi tupeni barabara moja. Sio ufukweni tafadhali. Kigali hapo majirani zetu tangu 2016 wanafunga barabara kwa ajili ya watu kukimbia na kuendesha baiskeli, walianza mara moja kwa mwezi wakaongeza ikawa mara mbili, na Rais wao anashuka. Addis Ababa walianza yao 2018. Bogotá kule Kolombia wanafanya tangu 1974, kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120, na raha yake ni kwamba mtoto wa tajiri na mtoto wa mama wa usafi wanapishana kwenye lami ile ile. Dar mwaka 2018 tulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa ajili ya mwendokasi, kwa hiyo mkiamua mnajua kufanya. Mimi napendekeza barabara ya Uhuru, kuanzia Buguruni kushuka Ilala mpaka Mnazi Mmoja, saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Najua ujenzi, najua foleni, najua wafanyabiashara wa mitumba watauliza mzigo upite wapi, na trafiki atasema hana watu. Ni masaa matatu tu ya Jumapili asubuhi, na kama Uhuru haifai mnazo nyingine, chagueni yoyote ilimradi iwe inapita walipo watu wengi na sio walipo watu wenye nafasi. Filimbi na watu wa kusimama kwenye makutano klabu zitatoa.

Mkija, msije na hema na viti vya wageni waalikwa. Mheshimiwa akivaa raba akajipanga na kundi la nyuma pamoja na mama zetu inatosha, hotuba atatoa akipata pumzi.

Majibu naomba yabandikwe kwenye ubao wa serikali za mitaa, maana sio wote wana bando. La uwanja wetu mnalijua faili lake, lina barua zetu zenye mhuri, tunaomba lifunguliwe kwanza kabla safu ya pili ya fremu haijapigwa msingi, tofali zimeshashushwa.

Wenu,
Mkazi wa Tandika, katibu wa klabu ya jogingi